Siku Rehani Alipoacha Kutania

Mume wangu Gervas simsemi kwa watu, lakini hili niacheni niliseme. Yule mwanaume hajawahi kuona kitu kimeharibika akakubali kwamba kuna mtu mwingine duniani wa kukitengeneza. Bomba likivuja, yeye. Umeme ukikatika chumbani, yeye, hata siku ile ulipomrusha mpaka kwenye kabati la vyombo, aliinuka akasema alikuwa anapima. Jiko letu la nje alijenga yeye, na matofali aliyafyatua yeye, hapa hapa uani kwetu Kihonda, kwa mchanga mwingi na saruji ya kuonjesha tu. Hayo matofali muyakumbuke.

Kazi yake ni kuendesha Noah ya abiria. Asubuhi anapanda milimani Mgeta, anapakia kabichi na karoti na njegere za akina mama wa Nyandira, na akina mama wenyewe, anawashusha sokoni mjini. Jioni anawarudisha. Sisi wawili ni watu wa kulekule juu, kwa hiyo wale abiria ni shangazi zetu na mama zetu wadogo, na ile Noah ndiyo inayomsomesha binti yetu Happiness, ambaye yuko shule ya bweni.

Giaboksi ilianza kuugua masika. Ni gari la otomatiki, ukiweka D linaondoka. Sasa ikawa ukiweka D linafikiri kwanza, halafu linaruka kwa kishindo. Gervas akasema ni oili. Akaongeza oili. Siku moja na mimi nikapanda, nakwenda kumwona dada yangu aliyejifungua. Tumefika kwenye ile kona kali juu ya Langali, injini ikaanza kulia peke yake, inalia, inalia, gari haliendi. Kisha nikaona miti inasogea mbele. Tulikuwa tunarudi nyuma, na nyuma kuna korongo.

Yesu na Maria! Nilisikia watu wanaita majina ya watoto wao. Gervas amesimama juu ya breki, mshipa umemtoka shingoni, na gari bado linateleza kwenye tope. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akaruka, akaokota jiwe, akalitia chini ya tairi. Ndipo likasimama. Tuliteremka mmoja mmoja, na mimi nikakumbatia mti wa kando ya barabara.

Lori la mbao likatuvuta mpaka Kihonda, na tangu siku hiyo neno ndani ya nyumba likawa moja: giaboksi anaifungua nani?

"Mpelekee Rehani," nikasema.

Rehani ni fundi magari, gereji yake iko mtaa wa pili. Ni Mnyamwezi, na sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakipita hapa na mizigo kichwani kwenda pwani. Gervas na Rehani utani wao haukuwa na mapumziko. Wakikutana ni matusi, wakiachana ni matusi, na ole wako ukasirike. Mama mkwe wangu alipofariki, Rehani alipanda nasi mpaka kijijini, na kabla jeneza halijashushwa akarukia kaburini akalala chali. "Huyu bibi haingii," akasema, "mpaka Waluguru mnilipe kuku alionipunja!" Watu wanalia huku wanacheka. Padri mwenyewe aligeuka pembeni akajifuta uso. Gervas aliniambia baadaye kwamba asingekuwa Rehani siku ile asingeweza kusimama.

Sasa nikimwambia ampelekee huyo huyo, anatikisa kichwa.

"Rehani ni mtani wangu, Felista."

"Si ndiyo vizuri?"

"Vizuri wapi? Mtani akichukua kitu chako unamfanya nini? Pasaka alichukua jogoo wetu, akamla, akaniletea manyoya, tukacheka. Akichukua kitu kwenye giaboksi na yenyewe nicheke?"

"Basi peleka gereji nyingine."

"Ile tuliyopeleka kubadilisha shokapu? Gari likarudi na shokapu mpya na betri iliyozeeka ghafla? Nilikaa pale kwenye benchi kutwa nzima nalilinda, Felista. Nilikwenda msalani tu."

Hilo lilikuwa kweli. Hapo ndipo akatoa simu akanionyesha video ya Mhindi mmoja anafungua giaboksi, anaeleza kwa Kihindi. Gervas Kihindi hajui hata salamu. "Naangalia mikono," akasema. "Mikono haina lugha."

Kesho yake nilitoka kufua nikakuta gari liko juu. Matairi ya mbele ameyatoa, jeki ameitumia kuliinua kisha ameiondoa, na pua yote ya lile gari imelalia matofali yetu, rundo huku na rundo huku. Katikati ametandika gunia. Na juu ya gunia, miguu ya mume wangu.

Yale matofali mimi nayajua. Banda la kuku tulijenga kwa hayo hayo, mbuzi wa jirani akajikuna ukutani, ukuta ukaanguka.

"Baba Happiness, hayo matofali!"

"Yana nini?"

"Ni yale yale ya banda."

"Tofali likilala halina neno. Lile lilikuwa limesimama."

Mnasikia majibu hayo? Na ukimbishia, anakuambia yeye ndiye aliyefyatua.

Basi nikaanza kuishi na masikio. Nilipika mlango wazi ili nisikie spana. Spana ikilia, nakata vitunguu. Spana ikinyamaza, kisu kinanyamaza.

"Baba Happiness!"

"Nini?"

"Hamna."

Ikawa hivyo kutwa. Mwisho akakasirika, akaniambia namwita ovyo, bolti zinampotea. Nisimwite vipi sasa? Nilikuwa naogopa hata kukohoa karibu na lile gari. Lori likipita barabarani na ardhi ikatetemeka kidogo, mimi nilikuwa natoka jikoni mbio na mwiko mkononi.

Siku ya pili Rehani akapita, amesikia habari. Akasimama mlangoni, akapiga mluzi.

"Lo! Waluguru mmeendelea! Sasa mnajizika wenyewe, na kifuniko cha bati juu!"

Nikasikia Gervas anacheka kule chini. "Nenda zako, Mnyamwezi, mla majogoo ya watu!"

"Siendi. Nasubiri. Ukishaiva upande mmoja nikugeuze."

Akachutama, akapitisha kidole kwenye tofali la chini. Mchanga ukamwagika, ukafanya kichuguu kidogo ardhini. Nilimwona alivyoutazama ule mchanga. Kicheko kilimtoka usoni, kisha akakirudisha haraka.

"Mluguru, hili umefyatua kwa unga wa sembe? Toka humo, litakuua. Shemeji, kwenye matanga mimi ugali sili, nipikie wali."

Gervas akacheka mpaka akakohoa. Majirani ukutani nao wakacheka. Rehani akaondoka anacheka, na mimi nimebaki natazama kile kichuguu.

"Umemsikia alivyosema?" nikamuuliza.

"Si utani ule? Mnyamwezi asiponiua kwa siku mara tatu hali chakula."

Usiku ule hata nilipofumba macho niliona mchanga unamwagika. Mzaha mzaha, hutumbua usaha. Asubuhi Gervas akaniambia leo ndiyo siku yenyewe, bolti zimebaki chache, giaboksi inashuka. Akaingia chini. Mimi nikajifunga kanga, nikaenda gereji kwa Rehani, naongea peke yangu njiani kama mwehu.

Nilimkuta kainamia injini ya mtu. Akaniona, akafungua mdomo anitanie, nikainua mkono.

"Rehani, leo hapana. Yale matofali yatahimili?"

Akaangalia chini. "Hayatahimili, shemeji. Akianza kuivuta ile giaboksi gari litatikisika. Likitikisika, basi."

"Na wewe umenyamaza!"

"Sijanyamaza. Nimemwambia jana mbele yako. Nimemwambia atoke, nimemwambia litamuua."

"Umemwambia kwa utani!"

"Sasa nimwambieje? Tangu nimjue yule sijawahi kumwambia neno kavu. Hata mama yake nilimzika kwa utani." Akafuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena, na mikono ilikuwa safi. "Na neno la kifo, shemeji, mtani akilisema kavu ni kama anakutakia. Mimi naogopa."

Nikamshika shati pale pale mbele ya wateja wake. "Unaogopa? Mimi sijalala! Mwambie kavu. Kama ni kumtakia, mtakie, ilimradi atoke!"

Alichukua stendi zake za chuma za kuegemeza gari na jeki kubwa, akaviweka mbele kwenye pikipiki yake, mimi nikapanda nyuma yake. Njia nzima nilikuwa nasali Salamu Maria, naishia katikati, naanza upya. Tulipofika nikateremka kabla pikipiki haijasimama.

Uani Mhindi wa simu anaeleza peke yake. Hakuna spana. Ile miguu iko pale pale, imetulia.

Nilishika ukuta wa jiko.

"Baba Happiness?"

Miguu haikutikisika.

"Baba Happiness!"

"Nini tena, jamani? Naangalia video!"

Mungu wangu. Nilitaka nimkumbatie na nilitaka nimchape.

Rehani akapita mbele yangu. Akavua kofia. Alichutama mbali kidogo na gari, na nikaona jasho linamtiririka shingoni na jua lilikuwa halijapanda.

"Habari za asubuhi, Bwana Gervas," akasema.

"Ah, Mnyamwezi! Umekuja kuniangalia kama nimeiva?"

Rehani aliikunja kofia mikononi.

"Leta chumvi basi!"

"Bwana Gervas," akasema, "naomba utoke."

Nikasikia spana imewekwa chini, taratibu.

"Rehani?"

"Naam."

"Mbona unaniita bwana?"

"Naomba utoke, bwana Gervas. Tafadhali."

Alijikokota kwa mgongo, gunia likakunjika, akatoka uso umejaa oili. Alimtazama Rehani, akanitazama mimi. Mtu aliyemtania hata kaburini kwa mama yake amekuja uani kwake amevua kofia, anasema tafadhali. Gervas aliwaza lililo baya kuliko msiba aliokwisha kuuona.

"Felista," akasema, "ni Happiness?"

"Happiness mzima!" nikapiga kelele. "Happiness mzima, ni wewe! Ni wewe, mpumbavu wewe!"

Rehani akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye ukuta wa jiko, akamsimamisha karibu yangu. Kisha akarudi kwenye gari. Aliweka mguu mmoja kwenye bampa, akasukuma. Hakusukuma kwa nguvu. Mlango wa choo chetu unataka nguvu zaidi ya ile.

Rundo la kushoto lilipasuka kwanza. Gari likainama, likaenda na rundo la pili, likashuka lote kwa mara moja. Ardhi iliruka miguuni mwangu. Kuku wakatawanyika, vumbi la saruji na mchanga likatufunika, na lilipotulia, pua ya Noah ilikuwa imekaa chini, na gunia limebaki kipande tu, kinachungulia pembeni ya bampa. Ndani kabisa, chini ya vyuma, Mhindi alikuwa bado anaeleza.

Gervas alikaa chini pale pale. Yule Mhindi aliongea, akaongea, hakuna aliyekwenda kumzima. Mimi nilikuwa nampiga Gervas mabegani kwa mikono miwili huku nalia, na wala hakujikinga.

"Mnyamwezi," akasema mwishowe, sauti ya chini. "Sema kitu."

Rehani alikuwa amekaa juu ya stendi zake, amefunika uso kwa kofia.

"Nitanie basi," Gervas akasema. "Rehani. Nitanie."

Rehani akatikisa kichwa. Mabega yalikuwa yanamtetemeka.

Gari lilivutwa kwenda gerejini kwake siku hiyo hiyo. Gervas hakuuliza bei na hakwenda kukaa kwenye benchi kulilinda. Akipita pale alikuwa anamrushia Rehani maneno, Mnyamwezi hivi, Mnyamwezi vile, na Rehani anaitikia, "Salama, bwana Gervas," anarudi kwenye kazi. Hilo bwana lilimnyima mume wangu usingizi. Aliniambia anajiona kama mtu aliyekufa ambaye bado hajaambiwa. Na mimi nikaanza kuogopa upya, maana onyo la kifo lilikuwa limesemwa kavu nyumbani kwetu, na aliyelisema hajalifuta kwa utani.

Gari likapona. Rehani alilileta mwenyewe jioni, akatukabidhi funguo, akaaga kwa heshima zake, akaenda. Gervas alipanda nalo Mgeta, akashuka salama, akapanda tena.

Jumapili asubuhi tunajiandaa kwenda misa, nikasikia Gervas anapiga kelele kwenye banda la kuku, lile tulilolijenga upya kwa mbao.

"Felista! Jogoo mpya hayupo!"

Nikatoka. Mlango wa banda umefungwa vizuri kwa waya, kama mtu mstaarabu alivyofunga. Juu ya boneti ya Noah kulikuwa na manyoya, yamepangwa, na jiwe juu yake yasipeperuke.

Gervas aliyatazama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea gari, kisha kicheko kikageuka, akafunika macho kwa mikono yake ile iliyokataa kutakata oili. "Mwizi yule," alikuwa anasema. "Mwizi mkubwa yule." Nilimwacha, nikarudi ndani kuvaa viatu.

Nikiwa ndani, uani pakanyamaza.

"Baba Happiness!"

"Nini?"

"Hamna."