Kasiksi ya Mupaka

Nakumbuka siku moja, kisha saa sita, mvua ilikuwa inataka kukatika. Binti yangu Neema alikuwa ametoka masomo, akaingia chumbani kuvua nguo zilizolowa. Nikasikia kitu kama gunia inapasuka, na ukuta wa ile chumba ukalala ndani pamoja na udongo. Nilichimba na mikono, na sahani, na mikono tena. Mutoto nilimutoa. Pumzi sikuikuta.

Mutoto wangu unayesoma hii, usinihurumie kwanza. Sikiliza namna ilianza, sababu haikuwa kazi ya Mungu.

Huku kwetu Ciriri, kwa mulima, nyumba zimebebana mugongoni; maji ya wa juu inapita kwa wa chini. Muzee, baba ya bwana yangu Safari, alichimba mufereji kati ya parseli yetu, kiwanja chetu, na ile ya juu. Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja, watu wote wa avenyu, barabara yetu, walikuwa wanatoka na majembe kuusafisha. Mimi nilikuwa ningali bibi-harusi wakati Déo alinunua ile parseli ya juu. Akataka kuongeza vyumba vya kupangisha, na ukuta wake ukanyage mufereji. Akakuja na Birindwa, shefu wa avenyu, na bidoni ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Kwetu, ukikunywa pombe ya mupaka mbele ya shefu, umeshasema ndiyo. Karatasi haiombwe.

“Maji iko na njia yake, Déo,” Muzee akasema. “Ukiifungia mulango, itaenda kubisha kwa mwingine.”

“Ah Muzee, kumbe maji nayo inalipaka kodi?”

Shefu akacheka mpaka kofia ikamuanguka. Muzee akapindua kikombe chake chini, akamugeukia bwana yangu.

“Safari, weka hiyo kikombe. Aibu ya leo utalala nayo, kesho itaisha. Maji hailalake.”

“Papa, hawa ni majirani.”

Akakunywa. Aliogopa kuonekana mubaya mbele ya wakubwa. Wazee wanasema, asiyesikia la mukubwa huvunjika mguu. Mbona kwetu aliyevunjika ni mutoto?

Déo akajenga ukuta wake juu ya mufereji. Muzee akafa. Kila mvua, maji ikashuka kwetu. Safari anarudishia udongo, ukuta wetu unalowa tena. Tukaenda kwa shefu. Hakutoka hata kwenye kiti.

“Mama Neema, bwana yako si alikunywa? Unataka kasiksi irudi ndani ya bidoni?”

Hiyo ndiyo jibu tulipewa, Neema angali muzima.

Wakati wa kilio, Déo akatuma gunia ya muchele. Nikamwambia aliyeileta: “Rudisha. Mwambie alete nyundo ya kuvunja ukuta wake.” Nyundo haikukuja. Ule ukuta wa Déo ungali pale, na wapangaji wake wanaanika nguo juu yake. Safari, mvua ikianza, anatoka kukaa inje, hata umwite namna gani.

Basi mutoto wangu, shika hii. Mutu akikuletea kikombe kwa mupaka, acha kikombe, uende kwanza utazame maji itapita wapi. Kukataa pombe ya jirani si kukosa heshima. Na muzee akipindua kikombe chake, wewe usiinue yako. Mungu akupe nyumba yenye ukuta mukavu, jirani anayeogopa machozi ya mwenzake, na watoto wako ndio wakuzike wewe.

Lakini mvua ingine iko njiani, na chini yetu kuna nyumba ingine yenye watoto. Déo, Birindwa, munanifahamu, na mulango yangu munaijua. Bwana yangu alikunywa, sawa, anabeba yake. Neema hakukunywa. Mukuje mbele ya avenyu yote, siku ya salongo, museme nani alifunga njia ya maji. Niko nawangoja.