Mbio za Lusenda hadi Baraka: nilikuwa wa kwanza mpaka bendera ilipoanza kupanda

Wakuu, habari za jioni.

Humu mimi ni msomaji tu. Huwa napita kimya kimya, nacheka na visa vyenu, naondoka. Leo nimeamua kufungua uzi wangu wa kwanza.

Haya yalinipata mwenyewe, sikuhadithiwa. Atakayeona ni chai, basi ainywe taratibu isimuunguze.

Nimezaliwa Baraka, Kivu ya Kusini, pale kando ya Ziwa Tanganyika. Kisa ni cha enzi za Zaire. Vijana wa sasa hamuijui ile nchi. Chama kimoja, Rais mmoja, picha yake kila ukuta. Hata jina la ubatizo ulikuwa unalificha, mimi shuleni nilikuwa Alimasi tu.

Kabla sijafika kwenye mbio, lazima niwaeleze habari ya bendera, maana bila hiyo hamtanielewa.

Kamba ya bendera ikianza kuvutwa tu filimbi inalia, na mpaka ifike juu, ulipo ndipo unapoganda. Filimbi ikilia tu, mama mwenye beseni la dagaa kichwani anasimama, mwenye baiskeli anashuka, kinyozi anabaki na wembe mkononi na mteja wake nusu kichwa. Hakuna kukohoa. Askari wanazunguka na macho kutafuta nani katikisika, na ukionekana unalala ndani. Tulifundishwa hivyo tangu darasa la kwanza, mwili ulikuwa unatii wenyewe kabla hata akili haijafika.

Sasa, aliyekuwa anapandisha hiyo bendera pale Baraka alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa planton kwenye ofisi ya serikali. Yaani ndiye anayefagia, anayebeba mafaili, anayemfungulia mkubwa mlango. Mshahara ulikuwa unakuja ukijisikia. Lakini ile kazi ya bendera aliipenda, msinicheke. Alinawa mikono na sabuni kabla ya kuigusa.

Haya, mbio.

Kila mwaka kwenye sikukuu ya chama kulikuwa na mbio za barabara. Mnaanzia Lusenda, mnashuka na barabara ya ziwa, maji yako mkono wa kushoto njia nzima, mnamalizia mbele ya ofisi Baraka. Siku hizi Lusenda mnaisikia kwa kambi ya wakimbizi. Wakati ule ilikuwa mihogo na mitumbwi.

Wiki nzima kabla ya mbio wananchi walitolewa kwa salongo, ile kazi ya lazima, kufukia mashimo barabarani. Mama zetu ndio waliotutengenezea njia kwa majembe yao.

Mwaka ninaousema, mshindi aliahidiwa kupelekwa Bukavu. Atakimbilia timu ya vijana ya mkoa, atapewa nafasi kwenye shule ya bweni. Mtu mmoja tu.

Wakuu, mimi nilikuwa nimemaliza madarasa yaliyokuwepo kwetu. Zaidi ya hapo hakukuwa na mlango. Bukavu hatukuwa na ndugu, na baba hakuwa na uwezo. Ilikuwa ni hizo mbio au nyavu za mjomba. Na mimi nilitaka shule mpaka naota.

Kwa hiyo nilifanya mazoezi ya kichaa. Asubuhi naenda, jioni narudi. Baba akaanza kuniachia kichwa cha samaki kwenye sahani. Kwetu kichwa ni cha mwenye nyumba.

Siku yenyewe ikafika. Tulikuwa vijana wengi, wa Baraka, wa Nundu, hata waliotoka Kilembwe kwa miguu. Kulikuwa na mmoja mrefu, Rugaza, wa familia za wafugaji wa mlimani, anasoma Nundu. Kila mtu alikuwa anamwangalia yeye. Mtu aliyekulia milimani, akishushwa kwenye tambarare, ni kama umemtua mzigo.

Tulianza mapema ili jua lisituue. Bendera ilikuwa ipandishwe asubuhi kama kawaida, muda mrefu kabla hatujafika. Ndivyo ilivyopangwa.

Ila Commissaire wa Zone, yaani mkuu wa wilaya, alikuwa anatoka Fizi, kule juu, na siku ya sikukuu bila yeye bendera haipandi. Sijui gari lilikwama au chai yake ilichelewa kuiva. Alichelewa. Baraka yote ikasimama inamsubiri, na sisi huko Lusenda tulishaachiwa. Simu hakuna. Nani angekuja kutuambia tusubiri?

Nikakimbia. Mpaka nusu ya njia tulikuwa kundi. Baadaye tukabaki wawili, mimi na Rugaza. Halafu, kwenye daraja moja la miti, nikasikia pumzi zake zinabaki nyuma. Sikugeuka. Nilisikia viatu vyake vinafifia, mimi nikiwa peku, nikaongeza.

Nilipoingia Baraka nilikuwa peke yangu barabarani. Kwa nyuma, hakuna mtu mpaka kwenye kona. Watu wamejipanga pande zote mbili na matawi ya mitende. Mama mmoja muuza mawese akanitupia maji, akasema, "Kimbia mutoto, iko yako hii."

Nikaanza kuuona mstari, chokaa nyeupe wamemwaga chini. Nyuma ya mstari jukwaa, Commissaire ndiyo kwanza anakaa. Pembeni mlingoti, na baba yangu na kamba mikononi.

Filimbi ikalia.

Wakuu, nilisimama. Sikuamua, miguu ilisimama. Umbali wangu na mstari, mtoto angerusha jiwe likavuka.

Wimbo ukaanza. Ule wimbo ulikuwa mrefu, na bendera inatakiwa ifike juu pamoja na neno la mwisho, si kabla. Kwa hiyo baba alikuwa anavuta kidogo kidogo. Mimi naangalia mgongo wake. Shati lake la kazi lilikuwa limeloa jasho mpaka mkandani.

Halafu nikasikia viatu.

Rugaza alikuwa bado nyuma ya kona, nyuma ya nyumba. Kule filimbi haikufika. Alikuja mbio mpaka alipoona watu wameganda, naye akaganda. Sambamba na mimi, bega kwa bega. Kila nilichokuwa nimemwacha tangu kwenye daraja, amekirudisha bila kosa lake.

Alininong'oneza bila kutikisa mdomo, "Ndugu, chezesha vidole vya miguu. Itakukamata."

Ndiyo, alinishauri. Sikuweza kumchukia hata baadaye. Lakini nilikuwa naogopa askari aliyekuwa mbele yangu, sikuchezesha.

Wimbo ukaisha, zikaja kaulimbiu. Mmoja anapaza, wote tunaitikia mkono juu. Anapaza tena, tunaitikia tena. Jasho limenikaukia mgongoni, nimebaki na chumvi.

Waliporuhusu, nilisukuma mguu wa kulia na msuli wa nyuma ukafunga fundo. Nikaenda kwa kuchechemea. Rugaza alinitazama mara moja, akaenda, akauvuka mstari.

Mwalimu wetu wa michezo alijaribu. Alisogea jukwaani kwa adabu, akamwita mwananchi kama sheria ya enzi ile ilivyotaka, akasema, "Citoyen Commissaire, huyu ndiye alikuwa mbele, bantu bote banaona."

Commissaire akamuuliza, taratibu kabisa, "Unataka kusema bendera ndiyo iliharibu mbio?"

Mwalimu akarudi nyuma. Sisi wote tukapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Jioni nyumbani baba alikula, akanisogezea kichwa cha samaki, sikukigusa. Mbio hazikutajwa, si usiku ule wala baadaye. Keshokutwa yake niliingia ziwani na mjomba.

Sitaki kuwachosha na yaliyofuata. Nilivua, nikaoa, nikapata watoto. Vita vya miaka ya tisini vikaja, tukavuka maji na baba yangu mzee mpaka huku Kigoma. Maisha si mabaya. Ila nikimwona kijana na begi la shule anakimbilia kengele, nasimama nikimtazama mpaka aingie getini. Inaniuma mpaka leo, nisidanganye.

Miaka yote hiyo nilijua baba hakuniona siku ile. Alikuwa amenipa mgongo, anaangalia juu. Nilijifariji hivyo.

Alipougua ugonjwa wa mwisho, mchana mmoja namlisha uji, akausukuma mkono wangu.

Akasema, "Mutoto yangu, ile siku nilikuona. Tokea kwenye kona nilikuona unakuya."

Nikaweka kijiko chini.

"Ile kamba ilikuwaka inakwama kila asubui. Banakuwaka banatukana mi juu yayo. Bwana Mukubwa akanipa ishara nipandishe. Mi nikasema mu roho, leo nitaacha ikwame kidogo tu, mutoto apite." Akaangalia mikono yake. "Mikono ikakatala. Ikavuta. Niliogopa, mutoto yangu."

Wakuu, baba yangu alikuwa na lile jambo tangu mimi kijana mpaka nina mvi.

Nikamwambia, "Baba, mi nilikuwa nimekwisha choka. Ata bila bendera, yule angenipita."

"Kweli?"

"Kweli, baba."

Akasema, "Aya." Akaomba uji. Alikula ukaisha, kitu ambacho hakuwa amefanya kwa siku nyingi. Tulimzika kabla ya mvua kukatika.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi na yeye tulikaa nyumba moja, tukala sahani moja, kila mmoja anamkwepa mwenzake kwa huruma. Angeniambia wiki ile ile, ningelia siku moja yakaisha. Ningemuuliza mimi, pengine angelala vizuri miaka yote. Serikali ile ilitunyima Bukavu, sawa. Lakini mazungumzo tulinyimana wenyewe. Mwenye mzazi hai na ana neno lake moyoni, asisubiri kitanda cha hospitali.

Waliokulia enzi zile, Kongo au kwingineko, wazazi wenu walifanya kazi gani za serikali, na mliwahi kuziongelea? Shusheni visa vyenu hapa chini, nitasoma vyote. Na kama kuna mtu wa Nundu anayejua Rugaza aliishia wapi, anijulishe, nataka tu kumsalimia.

Najua kuna mtu ataniuliza kama kweli nilikuwa nimechoka.

Hapana, mkuu. Pumzi ilikuwepo. Ningefika.