Nyufa za Fuwele ya Dorica

Dorica amelelewa na harufu ya lami. Baba yake, Jean, aliyevuka kutoka Kongo na randa na tezo tu, huunda mitumbwi ya mbao huko Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru nchini Zambia. Tangu utotoni binti alipewa kazi ya kusugua mbao kwa msasa mkali, maana mbao laini hazishiki lami. Lakini mazoea yana taabu.

Chuo kikuu alikabidhiwa fuwele ndogo ya samariamu na boroni, naye akaisugua vilevile kwa msasa mkali kabla ya kubandika waya za kupimia umeme. Ajabu ya fuwele hiyo ni kwamba ikipozwa sana, elektroni zake huzuiana zenyewe kwa zenyewe, umeme ukafungiwa njia ndani na kubaki ukipita kwenye uso tu. Wenzake, kwa fuwele zao, walipata kipimo kilekile cha umeme huo kila mara. Cha Dorica kilizidi maradufu. Profesa, mtu asiyejua kufoka, alimwambia kwamba asipopata sababu wakati wa likizo, fuwele itapewa mwingine. Akarudi nyumbani, hata ugali wa muhogo ukamshinda.

Jean alikuwa amevuta mtumbwi mkuukuu ufukweni. Aliumwagia maji, kama kawaida yake, akasubiri ukauke. Mbao zikakauka, ila mistari myembamba ikabaki na unyevu.

“Angalia, ufa iko inajionyesha yenyewe,” akasema.

Dorica alikuwa ameona hayo maisha yake yote, lakini siku hiyo alichuchumaa. Kila ufa ulikuwa na kuta zake, nazo zimelowa sawa na uso wa juu. Msasa wake ulikuwa umeipasua fuwele chini ya uso, kila ufa ukaongeza nyuso mpya, na umeme ukapita kote huko. Alikuwa amepima nyufa alizozitia kwa mkono wake mwenyewe.

Chuoni aliing'arisha fuwele upya kwa unga laini, taratibu, mpaka tabaka lenye nyufa likaisha. Kipimo kikashuka, kikalingana na vya wenzake, na profesa akamwachia fuwele yake. Dorica alilia kwa furaha, kisha akampigia baba simu na kumweleza.

“Kumbe miye njo nilikuharibishia kazi,” Jean akasema.

“Hapana, papa. Kusugua ulinifundisha, na kutafuta fasi ufa inafichama ulinifundisha. Aksanti kwa yote mbili.”