Nilivyomshitaki Baba Mdogo kwa Ajili ya Jeni

Haya ninayo mpaka leo, na majirani waliokuwepo Jumapili ile nikiwaona kwa mbali navuka barabara, lakini kwa kuwa Kolwezi nzima imeshawasikia wakisimulia, na chumvi wameongeza ya kutosha, afadhali mnisikie na mi mwenyewe.

Mnajua nina kansa ya prostati (semeni tu kwa sauti, si siri tena, mtaona kwa nini). Dokta, binti mpole ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wangu, alinichukua kipande cha nyama kikatumwa nje ya nchi, na majibu yalipokuja akaniambia kwamba kansa hii si moja, ina aina zake kufuatana na kilichoharibika ndani ya jeni, na yangu ni ile ambayo jeni mbili zimekatika zikaunganika pasipostahili, TMPRSS2-ERG, jina kama namba ya gari. Akataka kuendelea kueleza, mi nikatikisa kichwa kama profesa mwenzake, nikasema "nimeelewa, dokta," nikaondoka. Angenifundisha nini, mimi fundi umeme mwenye diploma ukutani na simu mfukoni?

Njiani nikapiga hesabu zangu za kisomi: jeni mtu anarithi wapi? Kwa baba. Baba yangu ni marehemu, ajali ilimchukua akiwa kijana, kwa hiyo mzee wa kiume wa ukoo aliyebaki ni mmoja tu, baba mdogo Kanyinda wa Kasaji, na bila shaka anajua nani kwao aliugua ugonjwa huu, akanyamaza. Angalieni utamu wa elimu: mtu asiyesoma akiugua anasema baba mdogo amemroga, mi niliyesoma nikasema baba mdogo amenificha jeni. Tofauti kubwa sana, sivyo?

Nikaapa sianzi sindano za matibabu alizoniandikia dokta mpaka familia ikae. Mke wangu, Mama Ngalula, akaniambia, "Tata, sindano kwanza, maneno ya famille itakungojea." Nikamjibu kwamba mambo ya sayansi aniachie mimi.

Jumapili baada ya misa watu wakajaa uani, viti tumeazima parokia, majirani wamening'inia ukutani kama wako sinema. Baba mdogo akafika na pikipiki, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, hata maji hajanywa, mi nikasimama na mihogo miwili (ndiyo, mihogo), nikaivunja mbele ya watu, nikashikanisha nusu ya huu na nusu ya ule, nikamnyooshea yule mzee: "Baba mudogo, hii kitu ilitoka kwenu. Nani alikuwa nayo, na juu ya nini mulificha?"

Eh, Mungu wangu! Shangazi akaanza kulia, mjomba wangu wa upande wa mama akaruka kwa furaha, "Tulisemaka! Batu ya ule upande!", na pande mbili zikaanza kutukanana mpaka kiti kimoja cha parokia kikavunjika. Baba mdogo alivua kofia tu. "Mutoto yangu," akasema, "mi siyue hiyo kitu. Unionyeshe pa kuweka mukono, niape."

Hapo Mama Ngalula akachoka, akampigia dokta. Nani aliyesema iwekwe sauti kubwa ili wote wasikie? Mimi. Nilitaka mashahidi. Nikamuuliza dokta kama jeni hii nimeirithi upande wa baba.

"Hapana, Tata," dokta akasema. "Kuko kansa zingine zinatembea mu famille, lakini hiyo kuunganika ya jeni haikutoka kwa baba wala kwa mama. Ilifanyika mu uvimbe yenyewe, mu mwili yako weye, na bagonjwa mingi ya prostati biko nayo." Nikautazama muhogo uliokuwa mkononi, sikujua niuweke wapi. Ningekata simu pale, lakini simu anayo mke wangu, na dokta hajamaliza: "Lakini juu ya nini haukuye kwa sindano? Tunakungojea! Na mukojo, ingali inatoka yenyewe? Mama angali anakufungia nepi?"

Ukuta mzima ulicheka. Hata mjomba, mwanasheria wangu, alicheka mpaka akakaa chini.

Baba mdogo hakucheka. Alivaa kofia yake, akanishika mkono. "Toka Kasaji njia yote nililia," akasema, "nilifikiri unaniita juu ya kuniaga. Panda pikipiki."

"Baba, leo Jumapili, sindano haiko."

"Basi tutalala kule."

Na tukalala kwenye benchi za hospitali, yeye upande wa mlango, eti nisitoroke. Asubuhi nilichomwa sindano, dokta akanieleza upya toka mwanzo, na safari hii niliuliza kila kitu, hata yale ya aibu, na nimeapa sitamvunjia mtu muhogo tena mpaka nizikwe.

Baba mdogo amerudi Kasaji. Kila siku ya sindano simu inalia kabla sijatoka nyumbani: "Hallo, ni mushitakiwa anaongea. Unaenda ao hauende?" Anacheka peke yake, anakohoa, anangoja jibu. Namwambia naenda, baba, huku navaa viatu.