Jogoo Aliyesifiwa Mno

Nilipostaafu ualimu nilirudi Kilosa, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba, aliyefanya kazi reli maisha yake yote. Uani kuna vyumba viwili vya kupangisha. Mwaka juzi kimoja nilimpa Mwingereza, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyekuja kuwanoa walimu wenzangu wa zamani katika kufundisha Kiingereza. Cha pili nilimpa Mjerumani, mwanamume mtu mzima, fundi wa pampu za maji, ambaye kila asubuhi alipanda pikipiki kwenda vijijini, Tindiga au Ulaya ile ya kwetu Kilosa, na kurudi jioni amejaa tope. Wote wawili walikuwa wamesomeshwa Kiswahili kabla ya kuletwa kwetu, kwa hiyo maneno tulikuwa nayo. Kilichotushinda ni kuelewana.

Siku ya kwanza Mjerumani alisimama mbele yangu akaniuliza nina umri gani. Nilishtuka, maana swali hilo hata daktari hunizungukia kwanza. Nilipomtajia, alifikiri kidogo, akasema basi yeye ni mdogo kwangu kwa mwaka mmoja, ndipo akatamka, "Shikamoo." Niliitikia marahaba nikijiona kama gunia lililopimwa kwenye mizani kabla ya kupokelewa. Nawe ukimwuliza habari za nyumbani, alikueleza kweli: goti la mama yake, ugomvi wa dada yake na mumewe, paa linalovuja. Majirani wakaanza kumsalimia kwa mbali, kwa kupunga mkono.

Mwingereza yeye shikamoo aliimwaga kama mtama wa kuku. Alimwamkia muuza maandazi, akamwamkia dereva wa bodaboda mwenye umri wa kuwa mdogo wake wa mwisho, akamwamkia na mtoto wa darasa la pili, ambaye alikimbia akidhani ametegwa. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye aliyekuomba radhi. Nilimpenda. Nikamwambia jirani yangu kwamba huyu amelelewa, yule mwenzake ameota tu.

Wakati huo nilikuwa na jogoo mwekundu, mkubwa, aliyewika kabla ya adhana ya alfajiri, na akishaanza hanyamazi. Wiki haikwisha Mjerumani akanifuata jikoni kuniambia jogoo anamsumbua, nimhamishe. Hakuanza na habari za asubuhi wala samahani. Nilimjibu nitaangalia, na kwetu nitaangalia maana yake ni hapana. Kesho yake akarudi kuuliza nimeangalia nini.

Mwingereza hakuwa hivyo. Aliniambia, huku akitabasamu, kwamba jogoo wangu ana sauti yenye nguvu ajabu. Siku nyingine akasema hajawahi kukutana na ndege mwenye bidii kama yule. Siku nyingine tena akasema angetamani na yeye awe na ari ya kuamka mapema hivyo. Mgeni akikisifu kitu namna hiyo, mwenye nyumba mwenye haya hangoji aombwe. Nikamfunga jogoo miguu, nikampelekea, nikamwambia kuanzia leo ni wake.

Machozi yalimlenga. "Jamani, Mama, hukupaswa," alisema. "Kweli kabisa, hukupaswa."

Nikadhani amezidiwa na furaha. Hata banda nilimtengenezea, chini ya dirisha lake, ili awe karibu na mali yake.

Baada ya muda Mjerumani akapiga hodi moja, akaingia ndani bila kusubiri karibu.

"Mama, yule dada halali," alisema. "Anaweka pamba masikioni. Anamchukia jogoo. Mchinje."

Nilimwambia, kwa ile sauti yangu ya darasani, aache kumsemea mwenzake, kwani mwenyewe amemsifu kwa kinywa chake.

"Alikuwa analalamika," akasema. "Waingereza wanalalamika hivyo. Nimefanya nao kazi."

Nikaenda kumwuliza mwenyewe. Alikataa katakata, akasema jogoo ana tabia ya pekee na tayari wamezoeana. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu anayepikia kuni mbichi. Mwezi haukwisha akaniarifu, kwa masikitiko makubwa, kwamba kazi imemlazimu kuhamia Mikumi. Siku ya kuondoka alimkabidhi Mjerumani jogoo, akisema anajua atapata matunzo mema.

"Simtaki," Mjerumani akasema, mbele yangu na mbele ya majirani waliokuwa wakipakia mizigo.

Aibu niliiona mimi. Mwingereza alicheka, akasema ahsante, akapanda gari. Jioni ile Mjerumani alimpeleka jogoo kwa jirani yetu Mwislamu amchinje, ili sote tuweze kula, akatuita. Nyama ilikuwa ngumu, na yeye akasema ni ngumu. Sisi wengine tuliisifu huku taya zikituuma.

Baadaye nilikwenda Mikumi kumtembelea yule dada. Amepanga pembeni ya barabara kuu, malori yanapita mchana kutwa, na nyani wanakimbizana juu ya bati. Nilipomwuliza kama amepata utulivu, alisema mahali pamechangamka sana. Safari hii nilimpa pole, akanishika mkono.

Akaleta chai na biskuti mbili kwenye sahani. Nilikuwa nimetoka Kilosa bila kutia kitu tumboni, nikazila zote. Akaniuliza kama ningependa nyingine. Nikasema hapana, nimeshiba, kama nilivyofunzwa nyumbani: mgeni hukataa, mwenyeji akamlazimisha, mgeni akakubali kwa shingo upande. Mwanamke yule, ambaye sijawahi kumsikia akitamka hapana hata siku moja, aliiamini hapana yangu papo hapo. Alifunika kopo la biskuti, akalirudisha kabatini.

Tuliendelea kuzungumza. Tumbo langu liliunguruma, naye akapandisha sauti kidogo ili tusilisikie. Alinisindikiza hadi barabarani, akasema lazima nije tena, nikasema nitakuja. Stendi nilinunua chipsi mayai, nikala nimesimama, mwalimu mstaafu mzima, nimejificha nyuma ya basi asije akageuka akaniona.