Benzi Lililobaki Mlangoni

Kanti alizaliwa Unguja, mtaa wa Hurumzi, mwana wa fundi cherehani wa Kihindi. Ujanani alikuwa akiosha Benzi jeusi la mfanyabiashara mmoja wa mjini, na alichokipenda kuliko ujira ni hadithi za mwenye gari: kwamba Mercedes lilikuwa jina la binti wa mtu aliyekuwa akiyauza magari hayo, kwamba nyota ile ilianzia kwenye kadi ya posta, mwenye kiwanda alipomchorea mkewe nyota juu ya nyumba yao, kwamba ncha zake tatu ni nchi kavu, maji na anga. Mapinduzi yalipotokea, mfanyabiashara aliondoka, na Kanti naye akaondoka. Hadithi alizichukua.

London alifikia mtaa wa Tooting, yeye na mkewe Lata. Walibisha milango mingi, na kila walipobisha chumba kilikuwa "kimeshachukuliwa". Aliyewafungulia ni Bibi Adler, mjane wa Kiyahudi aliyekimbia Ujerumani akiwa msichana. Aliwapa vyumba vya juu, mwenyewe akakaa chini. Binti yao Bharti alizaliwa humo, bibi akamlea kama mjukuu. Miguu ya bibi ilipoanza kumsumbua, Kanti akawa anampeleka hospitali kila Jumanne kwa teksi aliyokuwa akiiendesha, na nauli hakuipokea.

Miaka ikapita hadi Kanti akaacha teksi, akanunua Benzi lake mwenyewe, kuukuu lakini zima, la kukodisha kwa maharusi. Aliling'arisha asubuhi nzima.

"Baba Bharti," Lata alimcheka, "mimi siku ya harusi yangu sikusuguliwa hivyo."

"Wewe hukuhitaji."

"Mwongo mkubwa!"

Kisha Lata akafanya kama wafanyavyo Wahindu gari jipya likija nyumbani. Aliweka ndimu chini ya magurudumu, akavunja nazi, na kwa unga mwekundu akachora sathiyo kwenye boneti: msalaba wenye ncha zilizokunjwa, alama ya heri ambayo mama yake alikuwa akiichora kizingitini. Aliichora nyuma kidogo ya nyota. Hakuna kati yao aliyewaza jingine.

Bibi Adler akatoka na fimbo yake kuja kuliona gari. Alifika nusu ya njia, akasimama. Akageuka, akaingia ndani, na mlango ukafungwa kwa ufunguo.

Kanti akaitazama boneti, safari hii kwa macho ya bibi yule: alama ya Wanazi waliowaua wazazi wake, kwenye gari la Kijerumani, mbele ya nyumba yake. Akavua shati, akaanza kufuta.

"Usifute!" Lata akamshika mkono. "Unaifuta bahati yetu hata gari halijatembea."

"Bahati yetu ndiyo ile imejifungia ndani."

Lata akamwachia.

Kanti akabisha, akaeleza akiwa nje: kwao alama ile ni ya dua, ya tangu na tangu, haihusiani na wale watu. Jumanne akabisha tena. Mlango ukafunguliwa, bibi amevaa koti.

"Nakuamini, Kanti. Lata hana kosa. Ila gari hilo sipandi."

Kanti akaona bado pana nafasi. Akamsimulia habari za yule binti, na kadi ya posta, na ncha tatu. Bibi akamwacha amalize.

"Hadithi nzuri. Na wakati wa vita, viwandani mwa hao wenye nyota walifanyishwa kazi watu kwa nguvu, wengine wakitolewa kambi za mateso. Hiyo hukusimuliwa?"

"Sikusimuliwa."

"Basi sasa unayo yote."

Kanti alisimama na ufunguo wa gari mkononi. Kisha akautia mfukoni, akampa bibi mkono.

"Twende tukapande basi."

"Utakosa wateja."

"Nani anaoa Jumanne, Bibi?"

Bibi akacheka kidogo, akamwegemea.

Ikawa hivyo kila Jumanne. Benzi hakuliuza, maana lilimlisha. Lakini alipomsimulia Bharti hadithi ya nyota, hakuikatisha tena kwenye kadi ya posta. Na Lata, sathiyo yake aliichora ndani, juu, kwenye chumba chao.

Siku Bibi Adler alipozikwa mvua ilinyesha. Makaburi yalikuwa mbali, na watu walishangaa kuwaona Kanti, Lata na Bharti wakiteremka kwenye basi wakaja kwa miguu, wameroa, ilhali gari zuri vile wameliacha nyumbani.