Aliyewasha Moto wa Lugoye

Macho yangu ni mekundu kwa sababu ya moshi. Naanza na hilo kwa kuwa huku kwetu, upande wa Zagayu, mjane mwenye macho mekundu akitajwa kwenye kifo cha mtu, huitwa mchawi, wala hapewi nafasi ya kujieleza.

Naitwa Nyanjige. Shule sikuiona. Nilichojua nilifundishwa na mama mkwe wangu, Milembe, mbele ya chungu. Yeye ndiye aliyeanzisha lugoye. Mwaka mmoja paa lilivuja, michembe yake, vipande vya viazi vilivyokaushwa, ikalowa na kuchacha. Hakuitupa. Aliitia kimea cha ulezi, akaipika, akaupitisha mvuke kwenye mrija uliozamishwa ndani ya maji baridi. Pombe iliyotoka akaiita lugoye, yaani kamba, maana ilimfunga mtu miguu kabla ya ulimi. Wanawake waliichanganya na maji ya ukwaju, vijana na soda ya tangawizi. Wazee waliitia asali kidogo. Sharti lake lilikuwa moja: aliyewasha moto huonja kwanza, watu wakimtazama.

Mume wangu, Limbu, alipofariki, mdogo wake Bujiku alitaka kunirithi. Nilikataa. Akaswaga ng'ombe wote, akabeba chungu na mrija, akaniachia nyumba na masengenyo. Akawa anapika mwenyewe na kuuza mjini Bariadi. Aliiita "lugoye ya Nyanjige", kwa kuwa zamani mpishi nilikuwa mimi, na jina langu lilikuwa na wateja.

Asubuhi moja, msimu wa kupulizia pamba ukiwa umepamba moto, vijana wa ulinzi wa kijiji waliujaza uwanja wangu na fimbo zao. Mbele alisimama mkubwa wao, Masunga.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, kama amsalimuye mama, bila kungoja niitikie. "Mwenzetu Jilala amekufa. Amekunywa lugoye yako."

"Sijapika pombe tangu nimzike mume wangu."

"Tazameni hayo macho," mmoja akasema nyuma. "Ni ya kupika au ya kupanda fisi usiku na wachawi?"

Wakacheka. Masunga akaninyooshea chupa. "Onja."

Niliisogelea chupa. Nilinusa. Tangawizi ilitangulia, na chini yake harufu ninayoijua kutoka shambani: dawa ya pamba. Nikikataa, mimi ndiye muuaji. Nikimeza, namfuata Jilala.

"Nitaonja," nikasema. "Lakini aliyewasha moto aonje kwanza. Mwiteni Bujiku."

Walinilinda kama mwizi mpaka alipoletwa. Alikuja akitabasamu.

"Shemeji, leo unaogopa kinywaji cha nyumbani?"

"Onja wewe, baba," nikamjibu. "Mimi nitafuata."

Masunga akampa chupa. Bujiku aliifikisha mdomoni, akaishusha.

"Nina vidonda vya tumbo."

"Juzi kwenye ngoma hukuwa navyo," Masunga akasema. "Kunywa."

"Lile pipa nililiosha!" Bujiku akapiga kelele. "Nililiosha vizuri!"

Hakuna aliyekuwa ametaja pipa. Lakini kila mtu pale alikuwa amewahi kuazima pipa la Bujiku la kuchanganyia dawa ya pamba.

Wakamfunga mikono, wakaondoka naye. Hakuna aliyeniomba radhi. Masunga peke yake aligeuka langoni.

"Mayu, na hayo macho uyatafutie dawa."

Mmoja wao alisahau fimbo yake, imeegemea mlango wangu. Sijathubutu kuigusa. Kila nikisikia mbwa wanabweka, nadhani mwenye fimbo ameifuata.